Mshauri Mwenye Funguo Mbili

Wengi wetu katika Kidato cha Nne, tukiulizwa tunataka kazi gani baada ya masomo, hujibu udaktari, ualimu au uhandisi. Mimi nilipoulizwa nilijibu kwamba nataka kuwa mshauri wa siasa, na darasa zima likacheka. Mwalimu wetu wa Historia hakucheka. Aliniambia, "Basi kasome habari za Lloyd Mathews wa Unguja, kisha utuandikie katika gazeti la shule." Nimefanya hivyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue mshauri wa siasa ni nani. Ni mtu ambaye hatawali yeye, bali humwambia mtawala lipi lifanywe na lipi liachwe. Mtawala humsikiliza kwa kuwa ana maarifa ambayo yeye mwenyewe hana. Maarifa yatafutwayo sana ni ya namna mbili: ya ulinzi na ya fedha. Pasipo ulinzi mtawala hupinduliwa, na pasipo fedha hata askari wake humkimbia. Mathews alianzia katika ulinzi, akafika katika fedha, na mwisho akashika vyote viwili.

Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira, akaingia katika jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, akiwa na miaka 13 tu. Baada ya kupigana katika vita vya Ashanti, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ghana, aliletwa pwani yetu mwaka 1875 katika manowari iliyoitwa London. Kazi ya manowari ile ilikuwa kuyakamata majahazi yaliyochukua watumwa, kwa maana Seyyid Barghash alikuwa amekwisha tia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara hiyo baharini.

Seyyid Barghash alikuwa na shida. Alidai mamlaka juu ya mrima na bara, lakini hakuwa na jeshi la kutosha la kuyasimamia madai hayo. Mwaka 1877 alimchukua Mathews amwundie jeshi la namna ya Kizungu. Askari wa kwanza walikuwa 300, nao walikuwa Waafrika. Serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500. Kufika mwaka 1880 askari walikuwa wapata 1,300. Mathews akaacha kazi katika jeshi la kwao mwaka 1881, akawa Brigadia Jenerali wa Sultani. Hapo mtu angeweza kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mambo yalibadilika. Seyyid Barghash alifariki mwaka 1888. Wadachi walikuwa wameanza kujitwalia bara, na mwaka 1890 Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata Konseli wa Uingereza, Gerald Portal, alitengeneza upya serikali yote. Mali ya serikali ilitengwa na mali ya Sultani, na Sultani akapewa posho maalumu kila mwaka. Hazina, forodha, jeshi na polisi viliwekwa chini ya wakuu wa Kizungu. Juu yao wote aliwekwa Mathews, akaitwa Waziri wa Kwanza.

Tusiseme kwamba mpango ule haukuwa na faida. Nchi ambayo fedha zake na fedha za mtawala zimo katika kasha moja haiwezi kujua kama ni tajiri au maskini. Mwaka 1892 bandari ya Unguja ilifanywa huru, bidhaa nyingi zikaingia bila ushuru, ili wafanya biashara wasihamie bandari za bara. Lakini ndugu msomaji, liangalie vizuri sharti moja la mpango huo: Sultani hakuweza kumfukuza Waziri wake. Mtu aliyeajiriwa na Sultani sasa alikuwa hawezi kuondolewa na Sultani. Je, mshauri wa namna hiyo bado ni mshauri?

Jibu lilionekana tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyo Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki, naye Khalid, mwana wa Seyyid Barghash, akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Mathews na Konseli Cave walimwonya atoke, naye akakataa. Asubuhi ya tarehe 27, muda aliopewa ulipokwisha saa tatu, manowari zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Vita vilidumu kwa muda wa dakika arobaini hivi. Watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Na nchi kavu, upande wa Waingereza, walisimama askari wapatao 900 wa jeshi la Unguja. Ndilo jeshi aliloliomba Barghash, na sasa lilisimama kinyume cha mwanawe.

Mathews alibaki katika kazi yake mpaka alipofariki Unguja tarehe 11 Oktoba 1901.

Katika Chama chetu cha Midahalo wengine walisema Mathews alikuwa msaliti, wengine wakasema alikuwa mtumishi mwaminifu wa nchi yake. Mimi naona kosa halikuanza siku ile ya mizinga. Lilianza siku ufunguo wa ghala ya silaha na ufunguo wa hazina vilipotiwa katika mfuko mmoja, na mwenye mfuko akawa haulizwi na wenyeji.

Nasema haya kwa sababu yamenigusa. Muhula uliopita Kaka Mkuu, ambaye ni rafiki yangu, alinifanya mhazini wa duka la wanafunzi, akanipa na kazi ya kupanga zamu za bweni. Nilifurahi sana. Baada ya wiki chache niliona kwamba haamui neno kabla ya kunitazama usoni. Wadogo wetu wa Kidato cha Kwanza walianza kuniamkia mimi kwanza, kisha yeye. Sikuiba hata senti moja. Lakini yeye ndiye aliyechaguliwa, wala si mimi.

Nilipomaliza kusoma habari za Mathews nilimrudishia kazi ya zamu. Daftari la duka nimebaki nalo, lakini kila Jumamosi tunakaa pamoja, na yeye ndiye anayejumlisha. Mara ya kwanza alikosea mara tatu. Mara ya pili alikosea mara moja. Jumamosi iliyopita yeye ndiye aliyeliona kosa langu.

Bado nataka kuwa mshauri wa siasa. Wazazi na walimu wetu, msinicheke. Nimejua sasa kwamba mshauri mwema humfundisha aliyemwajiri mpaka aweze kuzisoma hesabu mwenyewe, na hukubali kuondoka siku anapoambiwa kazi imekwisha.