Moshi wa Jikoni na Afya ya Jamaa Zetu



Tukisikia habari za hewa chafu, wengi wetu twafikiria viwanda na msururu wa magari kule Dar es Salaam. Sisi wa Singida, nchi ya upepo, twajiona tumepona. Lakini hewa chafu kuliko zote tunazovuta ipo nyumbani mwetu, jikoni. Basi somo la mwezi huu lahusu moshi.

MOSHI NI NINI?
Kuni kavu zikipata hewa ya kutosha huungua vizuri na moshi huwa kidogo. Kuni zikiwa mbichi, au zikikosa hewa, haziungui kabisa. Mabaki hupanda hewani kama masizi, gesi za sumu na chembe ndogo mno, ambazo unene wake haufiki sehemu ya ishirini ya unywele. Pua huzuia vumbi la kawaida, lakini chembe hizi hupita, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Penye upungufu wa kuni twatumia mabua ya mtama na ya alizeti, nayo hutoa moshi mwingi zaidi. Katika nyumba ya tembe yenye dirisha dogo, moshi huo hauna pa kutokea.

MADHARA YAKE
Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hupatwa na nimonia. Watu wazima hupatwa na kikohozi sugu, ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Mama mjamzito aweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Mtoto mwenye kikohozi mhesabuni pumzi kwa dakika moja, akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msingoje hata kidogo.

HATARI YA MKAA
Mkaa hauna moshi mwingi, kwa hiyo hudanganya. Hutoa gesi iitwayo kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa hewa. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikizidi, wako wanaoingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Wengine huliwasha nje kwanza mpaka makaa yawe mekundu, wakidhani sumu imekwisha. Sivyo! Makaa mekundu yangali yakitoa sumu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala aweza asiamke tena. Mkimkuta mtu hivyo, fungueni milango, mtoeni nje upesi bila ninyi kukawia ndani, kisha mpelekeni hospitali.

TUFANYE NINI?
1. Tupasue kuni na kuzianika hadi zikauke.
2. Jiko la kuni liwe na bomba la kutolea moshi, na chumba cha jiko kiwe na madirisha mawili yanayoelekeana.
3. Tuloweke maharage usiku na kufunika chungu, ili moto uwake muda mfupi.
4. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.
5. Tusiwashie moto kwa plastiki wala nailoni.
6. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe.
7. Mwenye uwezo atumie gesi, hata kwa chai ya asubuhi tu. Serikali, katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia.

Kazi hii si ya akina mama peke yao. Mara nyingi baba ndiye ashikaye fedha baada ya kuuza alizeti. Bei ya bomba na madirisha si kubwa kuliko gharama ya kumuuguza mtoto. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliutaja waziwazi moshi wa kupikia kuwa huwaletea watu magonjwa. Kuitunza hewa ya nyumbani ni sehemu ya kuutunza uhai tuliopewa na Mungu.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO
1. Katika jumuiya yetu, ni jiko la nani lenye moshi mwingi zaidi? Twaweza kumsaidiaje?
2. Je, yuko mjane au mzee anayelala na jiko la mkaa kwa kukosa blanketi?
3. Akina baba watafanya nini kabla ya baridi ijayo?