Saratani ya matiti iliyosambaa: moyo nao unatibiwa

"Dozi unamaliza lini?" Mgonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa huulizwa hivyo harusini, sokoni, hata msibani. Jibu ni kwamba haina mwisho. Ugonjwa ukishatoka kwenye titi ukafika mifupani, kwenye ini, mapafu au ubongo, kwa kawaida hauondoki kabisa. Dawa huuzuia, na zikishindwa hutafutwa nyingine. Wapo wanaoishi hivyo kwa miaka, wakifungua duka asubuhi na kusomesha watoto. Kampeni za saratani ya matiti za kila Oktoba zinazosisitiza kuwahi kupimwa ni za lazima, ila huwachoma wengine: waliwahi, wakatibiwa, na bado ugonjwa ukarudi. Hawakuzembea.

Kwa wengi, siku za kusubiri majibu ya vipimo ni ngumu sana. Na hata kabla ya vipimo, kiuno kikiuma baada ya kuinua ndoo, mtu hulala akijiuliza: ni ndoo, au ni mfupa? Andika kwenye daftari maumivu yalianza lini na yanazidi saa ngapi, uende nalo kliniki. Lakini mgongo ukiuma huku miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, usingoje tarehe ya miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu nao, kwa nia njema kabisa, humziba mgonjwa mdomo. "Utapona tu dada, usiwaze." Basi anaficha machozi ili asiwavunje moyo, na huo ni mzigo wa pili juu ya ugonjwa. Muulize, "Leo umeamkaje moyoni?" kisha nyamaza umsikilize. Mchukulie watoto shuleni. Na daktari asiwaite ninyi pembeni, mgonjwa akabaki kwenye benchi akisoma nyuso zenu. Aulizwe mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao, maana minong'ono wanaisikia.

Kulia si kukosa imani. Ila huzuni ikikaa wiki mbili bila kupungua, na yale aliyoyapenda hayamfurahishi tena, huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Mwambie daktari. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe kwenye huduma ya afya mara moja.

Wengi wakisikia tiba shufaa hudhani wameandaliwa kufa. Sivyo. Ni huduma ya kupunguza maumivu na kuusikiliza moyo, pamoja na familia, na huweza kuanza mapema sambamba na dawa za saratani. Ipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Nairobi Hospice kwa walio Kenya. Kwingine, ulizia kwenye hospitali unakotibiwa. Usingoje kuelekezwa: miadi ijayo, iombe mwenyewe.