Ubwiriunga wa Mawaridi

Wenye kupanda mawaridi nyuani mwao hapa Songea huona, hasa katika miezi ya baridi, majani machanga yakijikunja na kufunikwa na weupe mfano wa unga. Wengi hudhani ni vumbi. Sivyo, ni ubwiriunga, yaani ukungu uufyonzao mmea. Hustawi usiku ukiwa wa baridi na unyevu, na mchana ukiwa mkavu.

Kwanza, kata vitawi vilivyoshikwa sana, uvichome moto. Pili, koroga vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji katika lita 1 ya maji safi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumiwe, maana huunguza majani. Tatu, jaribu tawi moja, ungoje siku 2. Likisalimika, nyunyiza mti wote wakati wa jioni, juu na chini ya majani, na kurudia kila siku 7.

Lakini ifahamike kwamba sabuni huzuia ugonjwa usienee. Jani lililokwisha kujikunja halinyooki tena. Tena ubwiriunga wa mikorosho ya Tunduru ni wa namna nyingine, nao hutibiwa kwa salfa.

Basi, kagueni majani machanga kila juma. Angojaye mti mzima uwe mweupe amekwisha chelewa.