Jembe, Daladala na Sukari ya Damu: Somo Kutoka Utafiti wa Donald McLarty

Kizimbani, katika Mkoa wa Mjini Magharibi wa Unguja, ni nchi ya mikarafuu na viungo. Wapo huko wanaoamka na jembe, na wapo wanaodamka kupanda daladala kwenda kukaa dukani au afisini mjini hadi jioni. Muuguzi anayewapima watu wa namna hizi mbili huenda akajiuliza: je, ni damu ya ukoo inayowatofautisha, au ni mwenendo wa siku? Sehemu kubwa ya jibu imetokana na kazi ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake wa Kitanzania, akiwemo Dk. Andrew Swai.

McLarty alianza na wagonjwa waliomfikia. Kati ya mwaka 1981 na 1987 waliandikishwa jijini Dar es Salaam wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari, wakafuatiliwa. Lakini hospitali humwona anayefika. Asiye na nauli hahesabiwi. Basi watafiti wakavifuata vijiji. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya vijiji 6 vya Tanzania, ambako watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walipimwa kwa kunyweshwa gramu 75 za glukosi na kuchukuliwa damu baada ya saa 2. Wenye kisukari hawakufika 1 katika kila 100. Habari njema, ila si yote: watu wapatao 8 katika kila 100 sukari yao ilikuwa imekwisha kupanda kuliko kawaida bila ya kufikia kisukari. Mwili wao ulikuwa mlangoni.

Nani huusukuma uingie? Mwaka 2000 watafiti waliofuata njia hiyo walilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Mjini kisukari kilikaribia watu 6 katika kila 100. Kijijini hakikufika 2. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuwa mkali zaidi kwa hoja, kwani uliwafuata watu wale wale waliohama kutoka Morogoro vijijini kwenda Dar es Salaam. Kwa muda wa miezi 12 tu uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na wanaume wenye kazi nzito walipungua kutoka takriban 79 hadi 26 katika kila 100. Ukoo haukubadilika, siku ndiyo iliyobadilika.

Sababu si fumbo. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka damuni. Ukikaa kitako, insulini nyingi zaidi huhitajika kuifanya kazi ile ile. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo na kwenye ini huipunguzia insulini nguvu, nalo kongosho hulazimika kuzidisha juhudi hadi likachoka.

Kwa hiyo mgonjwa wa Kizimbani asiulizwe wali wa nazi peke yake, wala asilaumiwe kwa ulafi. Aulizwe kwanza miguu na mikono yake hufanya nini tangu alfajiri. Kisha apimwe kiuno, hata kama kwake kitambi ni dalili ya neema. Mipaka inayotumika sana ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, nayo kwa Waafrika imeazimwa kutoka vipimo vya Wazungu, ikingoja vipimo vya watu wa hapa.