Mama anapepesuka akifumba macho

Swali: Mama yangu ana kisukari kwa miaka mingi. Nyayo zimekufa ganzi, anasema ni kama anakanyaga sufi. Mchana anatembea, ila usiku, au akifumba macho kunawa uso, anapepesuka. Ni presha?

Jibu: Hapo kwenye kunawa uso umenieleza mengi. Mwili husimama kwa taarifa za macho, sikio la ndani na nyayo. Neva za nyayo zikiharibiwa na kisukari, macho hubeba mzigo wao. Akiyafumba, taarifa zinapungua mno. Hata hivyo presha ipimwe, akiwa amelala kisha amesimama.

Anzeni na taa ya korido na chooni, iwake usiku kucha. Mikeka inayoteleza iondoke, na kandambili pia (najua mtagombana). Avae kiatu kinachoshika kisigino. Anawe akiwa ameketi. Mtaalamu wa fiziotherapia atampa mazoezi, kwa mfano kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine huku ameshika meza na mtu yuko karibu.

Kama anatumia metformin, dawa ya kisukari, ombeni apimwe vitamini B12. Dawa hiyo ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu huo nao huharibu neva. Asiache dawa mwenyewe. Msimkande miguu kwa maji ya moto: ataungua bila kujua. Nyayo zikaguliwe kila siku.

Miguu ikilegea ghafla au akishindwa kuzuia mkojo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.