Kijana wako mgonjwa anatamani nini? Umewahi kumuuliza?



Ndugu msomaji, leo tuingie chumba cha mgonjwa ambaye hatapona wiki hii wala wiki ijayo: kijana wa miaka 13, 15 au 17 mwenye selimundu, saratani au maradhi ya moyo. Nyumba nyingi za Kiislamu zina kijana wa namna hii, na mara nyingi majirani hata hawajui.

Ibn Majah amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimtembelea mgonjwa akamuuliza anatamani nini. Mgonjwa akataja mkate wa ngano. Mtume akawaeleza waliokuwepo kuwa mwenye mkate huo ampelekee ndugu yao. Wanazuoni wameeleza kuwa isnadi ya hadithi hii ina udhaifu, kwa hiyo hatuijengei hukumu. Tunachukua adabu iliyomo, nayo ni kuuliza. Sisi tukienda kumtazama mgonjwa tunamgeukia mama yake: "Anakula? Analala?" Na mgonjwa mwenyewe yupo pale pale, ana masikio, ana ulimi.

Mimi pia nilikuwa na kosa hilo. Kuna kijana mwenye selimundu ninayemhudumia tangu ana miaka 11. Kila akija kliniki nilikuwa na wimbo mmoja: kunywa maji, meza foliki asidi, jikinge na baridi, lala ndani ya chandarua, acha mpira. Aliitikia "sawa dokta" bila kuniangalia. Alipofika miaka 16 alilazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, mara ya mwisho kwa maumivu ya kifua na kushindwa kupumua vizuri. Tuliogopa sana. Alipotoka, mjomba wake mwenye uwezo akataka kumfurahisha. Akamnunulia simu ya bei kubwa, akachinja mbuzi, akaalika watu wa dua. Kijana alikula vipande viwili vya nyama, akarudi kulala. Mjomba akanilalamikia kuwa mtoto hana shukrani.

Ndipo nikamuuliza kijana mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano. Alinyamaza kwanza, nadhani alihisi ni mtego. Kisha akasema, "Dokta, nataka nivae jezi ya timu ya mtaani kwetu nicheze. Hata dakika kumi. Wenzangu wote wameshacheza, mimi kazi yangu kubeba maji."

Mama yake alikataa kabla sijafungua mdomo, na simlaumu. Yeye ndiye aliyekesha naye wodini. Lakini tukae tufikiri, hatari iko wapi hasa? Katika selimundu chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Mambo yanayochochea hali hiyo ni mwili kukaukiwa maji, baridi, uchovu mkali, malaria na homa nyingine. Kwa hiyo hatari haikuwa mpira kwa jina lake. Ilikuwa kukimbia bila kupumzika, juani, na kiu, kisha kukaa na jezi iliyolowa jasho. Hayo yanaweza kupangwa.

Tulizungumza na daktari wake. Damu yake ikapimwa, tukasubiri wiki sita zipite tangu alipotoka wodini, na tukakubaliana kuwa akiamka na homa siku hiyo hakuna mpira. Mechi iliwekwa baada ya Alasiri jua lilipopoa. Alikunywa maji tangu asubuhi bila kungoja kiu. Angecheza dakika tano, apumzike, acheze tano nyingine. Mama alikaa pembeni na nguo kavu, sweta na dawa ya maumivu. Mjomba aliegesha gari lake karibu na kiwanja liwe tayari, na nilimwambia kuwa hiyo ndiyo zawadi yake kubwa kuliko mbuzi. Wachezaji wa upande wa pili hawakuambiwa wampishe. Aliomba mwenyewe wasiambiwe.

Katika dakika tano za pili alichoka, akanyoosha mkono, akatoka. Timu yake ilifungwa mbili bila. Usiku miguu ilimuuma kidogo, akanywa maji, akameza parasetamo, akalala. Asubuhi akaenda shule. Sasa akija kliniki ananiangalia usoni, na haidroksiurea yake anaimeza bila kusukumwa. Sisemi kuwa mpira ndio sababu, Allah ndiye mjuzi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, wenzetu Marekani wameyatengenezea utaratibu. Mwaka 1980, katika jimbo la Arizona, mtoto wa miaka 7 aitwaye Chris Greicius, mwenye saratani ya damu, alitamani kuwa polisi. Askari wa jimbo wakamshonea sare na kumpandisha helikopta. Alifariki siku chache baadaye, na kutokana na tukio hilo likaanzishwa shirika la Make-A-Wish. Sisi hatuna helikopta. Lakini vijana niliowauliza mpaka leo hakuna aliyetaja helikopta.

Na wapo tuliochelewa kuwauliza. Binti mmoja wa miaka 14 alikuwa na saratani, akipata dawa za mshipani, nywele zikanyonyoka. Nyumbani wakawazuia wenzake wa madrasa wasimwone, kwa kumhifadhia heshima. Yeye alichotaka ni hao hao wenzake, wakae naye wadurusu juzuu waliyoianza pamoja. Wazazi wakasema, "Akipata nafuu." Hofu yao ya maambukizi ilikuwa na msingi, kwa sababu dawa hizo hushusha kinga ya mwili, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Lakini daktari angewatajia siku zilizo salama. Wangekuja wasichana wawili watatu wasio na mafua, surua wala tetekuwanga, wakanawa mikono kwa sabuni, wakakaa barazani penye hewa. Hilo halikufanyika. Walikuja siku ya maziko.

Sasa, unapomuuliza, muulize mkiwa wawili, si mbele ya wageni, na maumivu yake yawe yametulizwa kwanza. Mtu anayeumia hatamani kitu ila maumivu yaondoke. Saratani ikiuma sana ipo mofini ya maji ya kunywa, inatolewa hospitalini kwa utaratibu wake, na kuitumia kama ilivyoelekezwa si ulevi wala si dalili kwamba mmekata tamaa. Usiahidi usichokiweza. Akitaja jambo la hatari au la haramu, usimkemee, tafuta ndani yake anataka nini. Anayetaka kuogelea baharini usiku pengine anataka kutoka nje na marafiki bila mama nyuma yake, na matembezi ya jioni ufukweni na sweta yanatosha.

Siku ya shughuli yenyewe kuna dalili za kusimamisha kila kitu na kwenda hospitali bila kusubiri kesho. Kwa mwenye selimundu au aliye katika dawa za saratani, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, na viganja na macho kuwa meupe. Wavulana wenye selimundu huficha jambo moja kwa haya: uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma. Baba, mwambie mwanao mapema kuwa hilo ni ugonjwa na si aibu, na likipita saa nne ni dharura.

Toleo lijalo, inshaallah, nitajibu swali la msomaji wa Mbagala ambaye binti yake mwenye selimundu anatamani kufunga Ramadhani pamoja na wenzake.

Wabillahi tawfiq.