Niliyojifunza Tulipouza Theluthi ya Kiwanda

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha maziwa cha familia moja hapa Thika. Mapema 2022 tuliuza theluthi ya hisa kwa mfuko wa uwekezaji wa Nairobi.

1. Kaunta buku nayo hukaguliwa. Vijana wa mfuko walipekua vitabu vyangu vya miaka mitatu. Siku ya pili mmoja akaliona daftari jeusi mezani kwa Mzee, mwenye kiwanda: madeni ya wenye maduka, karo alizowakopesha madereva. Hakuna hata shilingi yake iliyokuwa kwenye mfumo wangu. "Mzee, hizi zitalipwa lini?" "Shule zikifungwa, kijana." Zote zikakatwa kwenye bei. Kihesabu walikuwa sawa, ingawa wale madereva walilipa wote.

2. Uliza umri wa mfuko. Mingi ya aina hii huishi miaka kumi hivi, kisha wenye pesa wanadai chao. Huu ulianzishwa 2017, kwa hiyo sisi tulibakiwa na mitano tu. Mzee alitaka mashine ya mtindi, ambayo ingejilipa polepole. Wao walitaka mauzo yapande upesi. Mashine haijanunuliwa.

3. Wao huhesabu kwa dola. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ikafika kama 160. Faida yetu ilikuwa imepanda kwa robo nzima, tukakata keki ofisini. Kwenye bodi nikaonyeshwa hesabu ileile kwa dola: tumeshuka! Hakuna aliyeiba, wala ng'ombe hakupunguza maziwa. Baadaye mwaka huohuo shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 130. Safari hiyo hakuna aliyenunua keki.

4. Soma ukurasa wa 41 wa mkataba. Kodi ya faida ya kuuza mali ilipopanda kutoka asilimia 5 hadi 15, Januari 2023, tulilalamika wiki nzima. Ukurasa huo, ambao tayari ulikuwa na sahihi zetu, hakuna aliyeutaja: mfuko ukipata mnunuzi wa kampuni nzima, nasi tunalazimika kuuza. Mzee aliutia sahihi huku akiuliza chai imefika wapi. Sasa wakili ameuzungushia wino mwekundu, na mgeni mmoja amekuja mara mbili kutazama matangi.